Wimbo wa Getini kwa Selo Mbili

Kwenye chai mliyoniandalia wiki iliyopita, mmoja wenu alisimama akasema kwamba nimeitumikia ofisi hii kwa uadilifu na utii. Uadilifu naukubali, kwa sababu katika Sehemu ya Muziki hakuna cha kuiba isipokuwa vumbi. Utii naukataa. Naandika kurasa hizi ili neno hilo lifutwe kwenye kumbukumbu zangu, na pia kwa sababu nilipokuwa natoka niliiona karatasi mliyobandika kwenye ubao wa matangazo: orodha ya vifaa chakavu vya kuondolewa. Namba kumi na saba na kumi na nane ni selo mbili. Kabla hamjaziondoa, someni.

Vyeo sitavizungumzia. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na meza mbaya kuliko ya kwanza.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya sabini. Sehemu yetu ilikuwa katika nyumba ya ghorofa moja iliyotaifishwa, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, yenye ua mdogo mbele na geti la chuma linalofunguka moja kwa moja barabarani. Tulifanya kazi madirisha yakiwa wazi. Nota zote nilizoandika miaka ile niliziandika huku wachukuzi wa mikokoteni wakipiga kelele chini, "Pisha! Pisha njia!", na mpaka leo nikifungua jalada la zamani nawasikia.

Nilikuwa na digrii. Nalitaja hili mapema kwa sababu hata siku yangu ya kwanza kazini nililitaja mapema, kabla ya kukaribishwa kiti. Nilikuwa binti wa Kilimanjaro, nimepuliza tarumbeta kanisani tangu utotoni, kisha chuo kikuu kikaniongezea maneno ya kueleza nilichokuwa nikifanya. Katika chumba cha nota nilimkuta mzee mwembamba aliyevaa kaptura ya kaki iliyonyooshwa pasi mpaka ikawa kama imekatwa kwenye bati. Huyo ndiye Mzee Shomari, mtunza nota na fundi wa ala.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye msomi tuliyeahidiwa?"

"Ndiyo, Mzee. Nimesomea muziki chuo kikuu. Nadharia na utunzi."

"Vizuri. Nichoree mistari mitano."

Nikatafuta rula. Sikuwa na rula. Nikaanza kumweleza kwamba kwa kawaida karatasi ya nota huja ikiwa imeshachapwa mistari. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa, kisha akafungua droo akatoa kalamu tano za wino zilizofungwa pamoja kwenye kipande cha ubao kwa mpira wa baiskeli. Akageuza waraka wa wizara upande wa nyuma, akavuta mkono mara moja, na mistari mitano ikatokea imenyooka, yote kwa mpigo. Akavuta tena, na tena, ukurasa ukajaa.

"Hapa karatasi haiji," akasema. "Hapa inatengenezwa. Karibu, Msomi."

Akaniita Msomi tangu siku hiyo. Kwa miezi kadhaa nilidhani ananisifu.

Kazi yetu ilikuwa kuandikia muziki bendi za viwanda, za shule na za shamrashamra za serikali, na kila bendi ilikuwa na upungufu wake. Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa bendi moja ya kiwanda yenye tarumbeta tatu, mbili kati yake zikiwa na vali zilizogoma. Niliwaandikia kipande kizuri sana ambacho hakikuwezekana kupigwa. Mzee Shomari alikipitia kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hii nota nani ataipiga?"

"Tarumbeta ya pili, Mzee. Ipo ndani ya uwezo wa tarumbeta."

"Usiniambie tarumbeta inaweza nini. Nenda ukamwangalie yule ndugu anayeishika, urudi uniambie yeye anaweza nini. Ana meno mawili tu mbele."

Nilikwenda. Yalikuwa mawili kweli. Nikaandika upya, na sijawahi tena kuandikia ala bila kuuliza nani ameishika. Digrii yangu yote naweza kuikunja nikaiweka ndani ya somo lile na nafasi ikabaki.

Selo zilikuwa katika karakana yake, nyuma ya kabati. Kwa asiyezijua, selo ni fidla kubwa kiasi cha mtoto wa darasa la tatu. Unaketi, unaibana kwa magoti, na unaipiga kwa upinde. Hizi mbili zilibaki kutoka klabu ya Wazungu iliyofungwa, na kwenye daftari la vifaa zilikuwa zimeandikwa "fidla kubwa, mbovu, mbili." Hazikuwa mbovu. Mzee Shomari alishazitengeneza kwa mbao za masanduku ya chai, lakini hakulisahihisha daftari, kwa kuwa kitu kibovu hakiazimwi na wakubwa.

Alijifunza selo jeshini. Katika jeshi la mkoloni alikuwa mtu wa bendi: asubuhi alipuliza tarumbeta kubwa la sauti nene kwenye gwaride, na jioni, maofisa wakila, bendi ileile ilivua kofia ikaketi na fidla. Akanifundisha alasiri baada ya kazi. Kwa ajili hiyo nilishonesha sketi maalumu kwa fundi wa Mtaa wa Kongo. Enzi zile vijana wa chama walikuwa wakipita mitaani kupima sketi za wanawake zisiwe fupi wala za kubana, kwa macho na wakati mwingine kwa chupa ya soda. Yangu ilikuwa na kitambaa cha kutosha mahema mawili. Walinitazama nikipita, wakakosa cha kupima.

Uzi ukikatika hakukuwa na duka la kuununua. Nyuzi nyembamba tulitumia mshipi wa kuvulia kutoka soko la samaki la Feri, na ule mnene kabisa ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Ile gundi ngumu ya kupaka kwenye upinde ili ukwaruze uzi, tuliipata kwa mafundi redio, ambao huitumia kulehemu. Nawaeleza haya ili mkisikia mtu akisema kazi imekwama kwa kukosa vifaa, mumuulize ameshakwenda Feri.

Katika alasiri hizo ndipo aliponisimulia habari ya geti. Kwenye bendi yao kulikuwa na desturi moja iliyopita zote. Mpiga ala akimaliza utumishi wake, siku ya mwisho hakupiga. Wenzake walijipanga, yeye akasimama peke yake uwanjani, na bendi ikampigia wimbo mmoja wa gwaride, maarufu duniani kote. Kila mtu wa Dar aliyewahi kusimama kando ya barabara kuwatazama askari anaujua, hata kama jina halijui. Wao wenyewe hawakulitumia jina lake la Kizungu. Waliuita Wimbo wa Getini. Ulipopigwa, mtu alitembea mpaka getini, akatoka, akawa raia. Ambaye hakutembezwa, walisema bado yumo ndani.

Mzee Shomari aliwapigia wenzake kumi na wawili. Yeye hakupigiwa. Jeshi lile lilipovunjwa baada ya maasi ya sitini na nne, walipakiwa kwenye lori bila kuulizwa nani alifanya nini na nani alikuwa amelala, wakashushwa mjini. Alitoka getini akiwa amekalia gunia.

"Kwa hiyo, Mzee, wewe bado umo ndani?"

"Mimi natafuta tu mahali pa kutokea," akasema, akaendelea kukaza uzi.

Miaka michache baadaye zamu yake ya kustaafu ofisini ikafika. Niliandika ombi kwa mkuu wetu wa idara, ambaye hapa nitamwita Ndugu Mkuu, kwa kuwa hata yeye mwenyewe alipendelea hivyo. Niliomba bendi yoyote iliyo chini yetu ije ipige wimbo mmoja siku ya kumuaga. Aliniita.

"Wimbo huu ni wa mkoloni," alisema.

"Hata meza hii ni ya mkoloni, Ndugu Mkuu."

"Meza haina itikadi." Akasukuma ombi langu mbele kwa ncha ya kalamu. "Halafu huyu ndugu alikuwa katika jeshi lililovunjwa. Heshima ambayo jeshi halikumpa, sisi watu wa utamaduni tutampaje? Utasikia tunaulizwa."

"Tutaulizwa na nani?"

"Hilo ndilo tusilolijua," akasema, na nadhani lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuniambia. "Kutakuwa na chai, hotuba na zawadi. Bendi hakuna. Na wimbo huo usipigwe ndani ya eneo hili."

Ili kuhakikisha, akauchukua ufunguo wa stoo ya matarumbeta akautia mfukoni mwake. Nilirudi chumbani kwangu nikiwa nimekasirika kiasi cha kuvunja kalamu mbili kati ya zile tano. Ndipo nikazikumbuka selo nyuma ya kabati la karakana. Hazikuwa stoo. Na kwa mujibu wa daftari, zilikuwa mbovu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa kuna kazi. Wimbo ule uliandikiwa wanaume wapatao arobaini, wamesimama, mapafu yamejaa. Mimi nilikuwa na nyuzi nane na watu wawili walioketi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa jaribio la mwenye digrii: nilitia kila kitu. Filimbi za juu, tarumbeta, sauti ya katikati, besi. Ukurasa ulikuwa mweusi kama siafu wamehama. Nikajaribu kuupiga peke yangu, mlango nimefunga, mkono ukaniuma mpaka begani na wimbo haukuonekana popote.

Nikajiuliza swali la Mzee: nani ameishika? Mmoja ni mimi, mpigaji wa wastani. Wa pili sikuwa naye. Mzee Shomari mwenyewe ndiye pekee niliyemjua ofisini anayeweza, na yeye siku hiyo kazi yake ilikuwa kutembea. Zaidi ya hapo nilitaka asijue, maana angejua angenikataza kwa ajili ya kazi yangu. Kwa hiyo mtu pekee ambaye angeweza kunisahihisha ndiye mtu pekee ambaye sikuweza kumuuliza. Likumbukeni hilo.

Nikamkumbuka Idi. Idi alikuwa muuza nazi sokoni, na jioni alikuwa mpiga selo wa kikundi cha taarabu pale mtaa wa Gerezani. Nilimkuta nyuma ya lundo lake, ameinua nazi sikioni, anaigonga kwa vidole na kusikiliza.

"Hii ina maji," akamwambia mama mmoja. "Hii hapana, hii imezeeka kama mimi. Karibu, dada."

Nilimweleza shida yangu. Alicheka mpaka akaishusha nazi.

"Dada, mimi sisomi nota."

"Nitakuimbia."

"Wimbo wa askari? Kwa selo?"

"Kwa Mzee Shomari."

Akaacha kucheka. Mzee Shomari ndiye aliyemgundishia selo yake ilipopasuka shingo. "Njoo klabuni kwetu kesho baada ya alasiri," akasema. "Na uje na sauti."

Tulifanya mazoezi majuma matatu. Selo moja niliitoa ofisini kwa hati iliyosema inakwenda kufanyiwa matengenezo, jambo ambalo kwa namna ya upigaji wangu halikuwa mbali na ukweli. Ya pili ilikuwa yake Idi. Nilimpa besi: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Akaidonoa kwa kidole badala ya upinde, kama wanavyofanya kwenye taarabu, na nilipotaka kumkataza nikasikia kwamba ni bora. Kidole kilitoa kishindo cha buti. Lakini hakuweza kuiacha hivyo. Baada ya mistari miwili alianza kuzungusha madoido kati ya kushoto na kulia.

"Idi, huu ni wimbo wa askari. Askari hawatingishi mabega."

"Ndiyo maana wanachoka upesi."

"Idi."

"Haya, dada, haya. Moja tu, pale mwishoni. Mtu asitembee kama anakwenda kunyongwa."

Nikamwachia moja. Tatizo kubwa lilikuwa kwangu. Selo ina tabia ya kulia. Chochote utakachoipa, ukivuta upinde wote, inakigeuza kuwa msiba. Nilipiga wimbo wa watu arobaini wenye buti, na wazee wa klabu wakaanza kutikisa vichwa kwa huzuni, mmoja akauliza nani amefariki. Sikutaka hivyo. Mzee Shomari hakuwa anazikwa. Alikuwa anatoka, na alikuwa anatoka kwa haki yake. Siku nne nilitafuta. Mwishowe nikauacha upinde wote na kutumia sehemu ya chini tu, karibu na mkono, ile inayoitwa kisigino, kwa mapigo mafupi yanayoukwaruza uzi. Sauti ikawa kavu na yenye kiburi. Mzee aliyeuliza nani amefariki akakaa sawa kwenye kiti chake. Nikajua nimefika.

Na sauti za katikati zote nikazitupa. Masikio ya mtu anayeujua wimbo huzijaza yenyewe.

Nilitupa na kitu kingine. Kwenye nota za bendi, kabla ya wimbo wenyewe, kuna miito miwili ya ngoma: ngoma ndogo inakoroma, kubwa inamalizia, inakoroma tena, inamalizia tena, ndipo wimbo unaanza. Sisi ngoma hatukuwa nayo. Na kwa maoni yangu ya kisomi, miito ile haikuwa muziki. Nikaipiga mstari.

Idi alikuwa amewatazama askari wakipita tangu utotoni. "Dada, mbona unaanza ghafla?" akauliza. "Yule anayetembea atajuaje?"

"Atausikia wimbo, ataondoka."

"Hata bibi harusi huitwa kwanza."

"Idi, wewe shika besi."

Akashika besi.

Siku ilikuwa Alhamisi, alasiri. Chai ilikuwepo, na mihogo ya kukaanga. Ndugu Mkuu alihutubia kwa muda mrefu juu ya nguvu kazi, kisha akatoa zawadi: jembe jipya, limetiwa mpini, limefungwa utepe wa rangi za bendera.

"Ndugu Shomari sasa anarudi kijijini kulijenga taifa," akasema.

Mzee Shomari alilipokea kwa mikono miwili. "Nashukuru, Ndugu Mkuu. Ila kijiji changu ni Gerezani. Nikilima pale nitapasua bomba la maji."

Watu wakacheka, Ndugu Mkuu naye akacheka kwa kuchelewa. Mimi sikuwepo kuliona hilo; nimesimuliwa. Nilikuwa nimeteremka nje. Agizo lilisema wimbo usipigwe ndani ya eneo, na eneo liliishia getini. Hatua tatu nje ya geti, kandokando ya barabara, Idi alikuwa ameshaazima viti viwili vya muuza kahawa. Tulikaa, kila mtu na selo yake. Mtaa ukatukusanyikia.

"Dada, hilo zeze limekula nini?"

"Hilo jeneza, wewe. Wamelitia nyuzi."

"Idi! Nazi umemwachia nani?"

"Nimemwachia mkeo," Idi akajibu bila kugeuka.

Mzee Shomari akatokea mlangoni, jembe kwapani, akateremka ngazi. Nyuma yake wafanyakazi wote. Alipofika katikati ya ua akatuona kupitia geti lililo wazi. Nikainua upinde, na tukaanza.

Tulianza vizuri. Mpaka leo nasema, tulianza vizuri sana. Lakini Mzee Shomari hakutembea.

Alisimama palepale katikati ya ua, mikono chini, uso hauna kitu. Tukamaliza kifungu cha kwanza. Hakutembea. Tukarudia. Hakutembea. Nilidhani amekasirika kwa kumweka hatarini. Nikadhani anaugua. Kisha nikawaza kwamba labda nimechelewa, kwamba mtu akikaa ndani miaka yote hiyo, geti likifunguliwa hatoki tena. Upinde ukaruka, na mwisho wa kifungu tukaacha wote wawili. Nikasikia viatu vya Ndugu Mkuu vikishuka ngazi.

"Nani ameruhusu hii?"

Idi alinitazama. Hakunikumbusha bibi harusi wake, na kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Aliinamia selo yake kama anavyoinamia nazi, akaweka vidole vyote kumi juu ya kifua cha ubao, akagonga. Vidole vikakoroma, kiganja kikamalizia. Vikakoroma tena, kiganja kikamalizia tena.

Visigino vya Mzee Shomari vikagongana. Lile jembe likatoka kwapani, likapita mbele ya kifua, likakaa bega la kushoto, mpini umeshikwa chini kama kitako cha bunduki, utepe unaning'inia. Idi akadonoa kushoto. Mguu wa kushoto ukaondoka.

Nikapiga. Sikumbuki kupiga, namkumbuka yeye. Alikuwa na umri wa kupanda basi kwa kushikwa mkono, na alitembea kama mtu anayeupima ua kwa hatua. Akavuka ua. Ndugu Mkuu alikuwa amefika getini, akasema kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, "Simamisheni hiyo!"

Nilikuwa nimefika mwisho wa ukurasa. Nikageuza ukurasa.

Mzee Shomari akapita geti, akatupita mimi na Idi bila kutuangalia, kama ilivyo sheria, akaingia barabarani. Mkokoteni uliojaa magunia ulikuwa unakuja. Mchukuzi aliyeuvuta alimwona, akachimba visigino chini akausimamisha, akageukia umati na kupaza sauti ileile waliyotupigia miaka yote chini ya madirisha, ila safari hii haikuwa kwa ajili ya mzigo wake:

"Pisha! Pisha njia! Mzee anapita!"

Wakapisha. Mwishoni Idi akatia doido lake moja, na Mzee Shomari akapotea kwenye kona ya Msimbazi, jembe begani.

Kesho yake niliitwa.

"Ulisikia amri yangu?"

"Nilisikia, Ndugu Mkuu."

"Ukafanya nini?"

"Niligeuza ukurasa."

Aliandika hilo. "Na lile jembe? Amelibeba kama bunduki mbele ya wananchi. Ni dharau."

"Jembe ni lenu, Ndugu Mkuu. Yeye alilibeba tu."

Nilitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua. Niliandika kwamba sikuona sababu ya kutochukuliwa hatua, na kwamba ikitokea tena nitafanya hivyohivyo, ila kwa mazoezi zaidi. Nikahamishiwa stoo ya matarumbeta, nikakaa humo mwaka na miezi miwili, nikiandika upya daftari la vifaa. Niliagizwa pia kukabidhi nakala ya nota zile ili iharibiwe. Nilikabidhi nakala. Ofisi ilikuwa na mashine ya stensili. Zilibaki ishirini na tisa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Gerezani. Mzee Shomari alikuwa anakaza bawaba ya dirisha. Jembe lilikuwa ukutani, na utepe wake.

"Msomi."

"Naam, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu niambie, ulitaka niondoke na mguu gani?"

Niliitazama miguu yangu.

"Miito imekwenda wapi?"

"Niliifuta, Mzee."

"Ukaifuta." Aliweka bisibisi chini, akaketi, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Miaka yote hiyo nasubiri geti. Geti linafunguliwa, wimbo huo, na msomi wangu mwenyewe kafuta miito! Nikasema, basi, leo nitasimama hapa mpaka magharibi. Siwezi kutoka na mguu wa kulia mimi." Alipomaliza kucheka alifuta macho. "Ile sauti kavu ya juu, ni kisigino cha upinde?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nzuri. Na yule muuza nazi mwambie aje nimpe uzi mpya."

Kisha akatoa kalamu tano, seti mpya aliyoifunga mwenyewe, akanipa.

Wote wawili hawapo tena. Selo ya Idi ilikuja ofisini baada ya klabu yao kuvunjika. Moja ya zile mbili za klabu ya Wazungu ilikwisha kwa mchwa. Kwa hiyo namba kumi na saba ndiyo iliyobaki, ya Mzee Shomari, na namba kumi na nane ndiyo ya Idi. Mmeandika kwamba kumi na nane ina alama kifuani, rangi imetoka. Ni kweli. Rangi imetoka mahali pa vidole kumi na kiganja kimoja, na atakayeipaka rangi upya nitarudi kumshughulikia. Zitoeni zote mbili kwenye orodha. Mkisumbuliwa, waandikieni kwamba ni mbovu, haziwezi kuazimwa wala kuuzwa. Mbinu hiyo imeshafanya kazi mara moja.

Nota ziko kwenye jalada la kijani, rafu ya chini. Mtaona mwanzoni nimerudisha miito miwili kwa wino mwekundu. Wiki iliyopita, mlipomaliza kunipigia makofi, nilisimama kidogo pale getini nikitega sikio, nanyi mkadhani nimesahau mkoba. Mmoja wenu akakimbia ndani kuutafuta. Mkoba nilikuwa nao, bega la kushoto.